Steringi alipofia kwenye lifti

Kuna sheria moja ya kibanda cha video ambayo kila mtoto wa Igogo, hapa Mwanza, aliijua kabla hajajua kusoma: steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa korongoni, atafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini hafi. Shilingi 100 yako umelipia hilo. Anayekufa ni adui, tena mwishoni kabisa, na akishakufa watu wananyanyuka, wanakung'uta makalio na kutoka nje bila kungoja majina yapande.

Siku sheria hiyo ilipovunjwa, mwaka 2004, maiki ilikuwa mkononi mwangu.

Kibanda kilikuwa cha mjomba. Ukiijua Igogo unajua nyumba zake zinavyogombania nafasi na mawe. Kibanda chetu kilikuwa na kuta tatu za mabati na ya nne ilikuwa jiwe lenyewe, limetulia hapo tangu enzi. Televisheni ya inchi 21, deki ya CD, spika mbili: moja ndani, nyingine nje juu ya mlango ili mpita njia asikie risasi na kushawishika. Mimi nilikuwa nimetoka kidato cha nne na matokeo ya kuficha, ila Kiingereza cha kuungaunga kilikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kusoma yale maandishi yanayopita chini ya picha na kuyageuza Kiswahili kabla hayajafutika. Wateja wakanibatiza Ticha.

Wateja wenyewe wengi walikuwa wabeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, wakija na harufu ya dagaa kwenye nguo, na wavuvi. Mvuvi wa dagaa anatumia taa, kwa hiyo anataka giza. Mbalamwezi ikiwaka hana kazi. Mjomba hakuwa na kalenda ukutani, alikuwa akitoka nje usiku, anautazama mwezi, kisha anasema, "Mpwa, kesho ongeza mabenchi."

Muvi zote zilizotoka upande ule tuliziita za Kichina, basi. Kilichonifungua macho ni nyaya. CD za Hong Kong zilikuja na lugha mbili kwa mpigo: chaneli ya kushoto Kikantoni, ya kulia Kimandarini. Ukichomeka waya mweupe na mwekundu kwa pamoja, mtu mmoja kwenye picha anaongea kwa vinywa viwili, na havipatani. Mjomba alizirudisha CD tatu kwa muuzaji akidai ni mbovu. Siku moja nikachomoa waya mwekundu kwa bahati tu, kikabaki Kikantoni peke yake: kikali, cha mtaani, sentensi zinaishia na vile vimkia vyao vya "laa" na "aa", kama konda anayeita abiria. Tangu siku hiyo waya mwekundu ulikaa unaning'inia. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua mtu akidanganya.

Na wale watu walikuwa wanadanganya sana, maana muvi nilizozipenda mimi ni za polisi anayepelekwa kuishi na majambazi kama mmoja wao. Hong Kong wametengeneza za aina hiyo mpaka zikawa ukoo mzima. Ipo City on Fire ya Ringo Lam, ya mwaka 1987: Chow Yun-fat anaingia kwenye kundi la wezi wa vito na kuishia kumpenda kama ndugu yule anayetakiwa kumkamatisha. Ipo Hard Boiled ya John Woo, ya mwaka 1992, ambamo Tony Leung anaishi kwenye boti, na kila akiua mtu anakunja karatasi iwe ndege, anamtundika. Wavuvi waliipenda hiyo kwa sababu ya boti. Walitaka kujua injini yake ni ya farasi wangapi.

Shida yangu ilikuwa jina la kazi yenyewe. Nilianza na kachero, lakini kachero kwetu ni mtu mwenye kitambulisho mfukoni na ofisi ya kurudi jioni. Askari kanzu ndiyo kabisa. Wa mtaani kwetu alijulikana na watoto wote kwa viatu vyake. Nilipojaribu shushushu, mjomba alinivuta shati: "Mpwa, neno hilo usilipitishe kwenye spika ya nje." Mamluki ni yule anayefuata hela. Nikatua kwenye pandikizi, neno la wanasiasa wanapotuhumiana, nikakaa nalo miezi kadhaa bila kuridhika.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi wa sangara kutoka Igombe. Aliniuliza kwa sauti, muvi ikiendelea, "Ticha, kwani huyo si chambo?"

Nitaeleza kwa ajili ya wasomaji wa bara kavu. Sangara wa ndoano unamtegea kisamaki kilicho hai, furu au kambale mdogo. Unakitunga kwa uangalifu kisife, kwa sababu sangara anataka kinachotikisika. Kinaogelea humo majini kama samaki wengine, kinaonekana huru, na chuma kimo mwilini. Mwisho wa kamba yuko mtu mmoja kwenye mtumbwi. Nikaitumia chambo usiku uleule, na hakuna aliyeuliza tena huyu ni wa upande gani.

Ndipo ikaja Infernal Affairs.

Ilikuwa imetoka Hong Kong Desemba 2002, kazi ya Andrew Lau na Alan Mak. Jina lake la Kikantoni, Mou Gaan Dou, linatokana na jehanamu moja ya Kibudha, ile ya chini kabisa, ambayo mateso yake hayana nafasi katikati. Niliwaambia wateja, "Inaitwa Motoni Bila Mapumziko," wakacheka, wakadhani ni ya ngumi.

Ngumi za kuruka hazimo. Ina watu wawili na simu. Mmoja, Tony Leung, ni polisi ndani ya genge. Mwingine, Andy Lau, ni kijana wa genge aliyepelekwa na bosi wake asomee upolisi, akapanda vyeo. Kila mmoja ana takriban miaka 10 katika nyumba isiyo yake. Majina yao ya Kichina yalinishinda kwa kasi ile, nikawaita Kulwa na Doto, majina ya mapacha. Usukumani huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Kulwa chambo wa polisi, Doto chambo wa majambazi, kibanda kizima kikakaa sawa.

Kuna usiku mmoja wa biashara ya unga ambapo Kulwa anagonga kioo cha dirisha kwa kidole, taratibu, anatuma habari kwa mkuu wake kwa alama za Morse, huku Doto akiwa chumba cha polisi anamtumia bosi wake ujumbe wa simu. Kila upande unagundua kwamba umeingiliwa. Halafu, badala ya risasi, mkuu wa polisi na bosi wa majambazi wanakutana kituoni, na bosi anakula chakula. Anakula tu. Nilitegemea benchi za nyuma zianze kupiga miluzi. Hakuna aliyetikisika.

Swali lililonipa taabu lilitoka kwa kijana mbeba mizigo: mbona kwenye muvi nyingine polisi wanafukiza ubani mbele ya sanamu la mzee mwenye uso mwekundu, na muvi ya juzi majambazi nao walifukiza kwa sanamu lilelile? Nilimjibu kwamba mtengeneza filamu aliishiwa bajeti ya sanamu la pili. Miaka ya baadaye nilisoma kwamba sanamu ni la mtu yuleyule kweli: yule ni Guan Yu, jemadari wa zamani wa China anayeheshimiwa kwa kutovunja kiapo, na Hong Kong vituo vingi vya polisi na magenge pia wana madhabahu yake.

Nilisoma na mengine. Kwamba mwaka 1973 afisa mkubwa wa polisi wa huko, Mwingereza Peter Godber, alitoroka akichunguzwa kwa zaidi ya dola milioni 4 za Hong Kong zisizo na maelezo. Watu wakaandamana, na mwaka 1974 ikaundwa tume huru ya kupambana na rushwa, ICAC. Godber alirudishwa, akafungwa miaka minne. Mji ambao watu wake waliwahi kuogopa mlinzi na mwizi kwa pamoja, sishangai hadithi yake ipendwayo iwe ya mlinzi na mwizi waliobadilishana mavazi. Na wapo wanaoisoma kwa mwaka 1997, Uingereza ilipoukabidhi mji kwa China: ulikuwa wa nani jana, leo wa nani. Mimi sina ubishi nayo, ila pale Igogo hatukuihitaji.

Turudi kibandani. Mkuu wa Kulwa ndiye mtu pekee anayejua kwamba Kulwa ni polisi. Majambazi wanamtupa kutoka ghorofani, anaangukia teksi mbele ya macho ya Kulwa. Mzee wa Igombe akasema, si kwa sauti ya kuniuliza, "Kamba imekatika."

Hata yule askari kanzu wa viatu, ambaye alikuwa akilipa kama wengine na kukaa karibu na mlango, alitingisha kichwa. "Mtu mmoja tu anajua? Huo ni uzembe." Hiyo ndiyo sentensi pekee niliyowahi kumsikia akisema ndani ya kibanda.

Kulwa anakwenda kituoni mwenyewe kudai jina lake. Anaona bahasha kwenye meza ya Doto, yenye mwandiko anaoujua, anaelewa kila kitu, anaondoka kimya. Doto naye anaelewa kwamba ameeleweka. Anakaa kwenye kompyuta na kulifuta faili lenye ushahidi kwamba Kulwa ni polisi. Mwaka 2004, kompyuta kwa wateja wetu ilikuwa kitu cha benki. Nikasema, "Amemchomea cheti cha kuzaliwa." Mtu mmoja akatukana. Naona ile ndiyo tafsiri yangu bora kuliko zote.

Kisha lifti. Kulwa anamshusha Doto na bastola kichwani, mlango unafunguka, na risasi inampata Kulwa, kichwani, kutoka kwa polisi mwingine ambaye naye kumbe ni wa genge. Anaanguka kizingitini. Milango inajaribu kufunga, inagonga mwili wake, inafunguka. Inajaribu tena.

Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kupanda lifti. Nilinyamaza, maiki mdomoni.

"Ticha! Huyo amefanyaje?"

Nikamtazama mjomba. Mjomba alikuwa anatazama mabenchi, na ile bakuli ya sarafu ameihamishia mapajani. Ilikuwa mbalamwezi, tumejaza hadi ukutani kwenye jiwe. Akanionyesha kiganja: tuliza.

"Amezimia," nikasema.

"Risasi ya kichwa?"

"Imepita kando ya sikio."

Likaja kaburi, lenye picha ya Kulwa, na polisi wamesimama wakipiga saluti, Doto akiwemo. Uongo ukishaanza unajiongoza. Nikasema kaburi ni geresha, wamelijenga ili majambazi wasimtafute wakati anatibiwa. Watu wakapumua. Wengine walipiga makofi, wakisifia akili ya polisi wa kule.

Sehemu ya pili ilipotufikia nilijua nimekwisha, maana inarudi nyuma, Kulwa ni kijana na anachezwa na mtu mwingine kabisa. Kibanda kikalipuka kwa furaha: "Si mnaona! Amepona!" Ikabidi niwaelezee sura mpya. Nikasema alipasuliwa uso hospitalini, na ndiyo maana ameonekana mdogo. Mjomba alitoka nje kucheka.

Baadaye sana niligundua kwamba hatukuwa peke yetu. Kwa China bara na Malaysia ulipigwa mwisho mwingine, ambapo Doto anatoka kwenye lifti na kukamatwa, ili mwovu asionekane ameshinda. Basi wakaguzi wa Beijing na mjomba wangu walikosa usingizi kwa lifti ileile. Wao walimwadhibu Doto na kumwacha Kulwa sakafuni. Sisi tulimwacha Doto na kumwinua Kulwa. Mpaka leo naona chaguo letu lilikuwa na utu zaidi. (Wamarekani nao waliihamishia Boston mwaka 2006, ikachukua Oscar ya filamu bora. Niliitazama mara moja. Wanafoka mno.)

Kibanda hakipo siku hizi. Mimi nauza kava na chaja za simu Makoroboi, na muvi watu wanatazama viganjani. Lakini mwezi uliopita nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, naenda Sengerema msibani, mtu mzima mmoja aliyekalia furushi la nyavu akanikodolea macho muda mrefu.

"Wewe si Ticha?"

Nikamwamkia. Sikumkumbuka, ila harufu ya dagaa niliikumbuka. Tukaongea habari za Igogo, nani yupo, nani hayupo. Tulipokaribia ng'ambo akaniuliza, kama mtu anayemuulizia jirani wa zamani:

"Na yule Kulwa. Walimrudishia upolisi wake?"

Nikakumbuka lile kaburi, picha ikiwa juu yake, na askari wamesimama mstari.

"Walimrudishia, shikamoo baba," nikasema. "Hadi saluti walimpigia."