Honda ya Mzee na mlima wa Soni

Mlima wa kutoka Mombo kuja Soni nimeupanda tangu utotoni, nimekaa mbele ya baba juu ya tangi la Honda yake. Kwa hiyo siku niliyoitoa bandani baada ya miaka mitatu ikashindwa na kona ya tatu tu, niliumia sana. Niliisukuma mpaka pembeni, nikakaa kwenye jiwe nikiitazama.

Ni Honda CG125, cc 124, aina iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Mzee aliizungukia vijiji vyote alipokuwa bwana shamba. Goti lilipoanza kumsumbua akaiegesha, tangi likiwa na petroli nusu, na sisi watoto hakuna aliyekumbuka kuimwaga. Kosa ni letu.

Kuwaka iliwaka, kiki ya saba, choki imevutwa. Ikiwa imesimama inaunguruma vizuri kabisa. Shida inaanza barabarani: gia ya pili inakwenda, ya tatu ukivuta mafuta inakohoa na kulegea. Haikuvuka kilomita 40 kwa saa hata kwenye tambarare.

Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika moja. "Kaka, hizo ringi zimekwisha, na mnyororo wa taimingi umelegea. Tushushe injini." Hapo nikashukuru, nikaondoka nayo. CG125 haina mnyororo wa taimingi, ule wa kuendesha valvu; valvu zake zinasukumwa na fito. Halafu injini iliyokula ringi, zile pete za pistoni, hutoa moshi wa bluu na kiki yake inakuwa nyepesi. Hii haikutoa moshi, na kiki ilikuwa ngumu ya kusukuma mguu. Sikukubali injini nzima ifunguliwe kwa kubahatisha.

Mzee aliposikia, aliuliza swali moja: "Umeisukuma ikiwa friii? Inateleza?" Haikuteleza. Baada ya mwendo wa kilomita mbili nikagusa habu ya nyuma, pale katikati ya gurudumu, nikaondoa mkono haraka; ilikuwa ya moto. Breki ilikuwa inashika muda wote. Nikafungua tairi, nikakuta kile kipini kinachotanua shuu za breki kimeganda kwa kutu. Nikakisugua kwa msasa, nikapaka grisi kidogo sana, mbali na shuu zenyewe. Tairi zote mbili zilikuwa laini pia, nikajaza upepo. Pikipiki ikawa nyepesi, lakini kukohoa kulibaki palepale.

Sasa nikaanza kuifuatilia kwa utaratibu. Nilipanda nayo kipande cha mlima, ilipoanza kulegea nikavuta choki nusu. Ikapata nguvu! Mwenye pikipiki ya kabureta akumbuke jaribio hili, halina gharama. Choki inaongeza uwiano wa mafuta kwenye hewa. Ikiwa injini ya moto inapata nafuu ukiivuta, basi inakosa mafuta, au kuna hewa ya ziada inaingia mahali. Nikaizima hapohapo nikiwa nimebana klachi, nikatoa plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, wakati ilitakiwa iwe ya kahawia hafifu. Nikapuliza maji ya sabuni kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini ikiwa inaunguruma; mlio haukubadilika, kwa hiyo hewa haikuwa inaibiwa hapo.

Nikashusha kabureta. Nilipofungua bakuli la chini, harufu iliyotoka ilikuwa ya vanishi, si ya petroli. Sakafuni kulikuwa na utando wa kahawia unaonata kama asali iliyokauka, na punje za kutu kutoka kwenye tangi. Jeti ni vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta. Ile ndogo ilikuwa wazi, ndiyo maana pikipiki ilitulia vizuri ikiwa imesimama. Jeti kubwa niliishika nikaielekeza juani: badala ya tundu la mviringo niliona kimwezi chembamba cha mwanga. Nililikazia macho lile tundu muda mrefu. Nguvu yote ya pikipiki ilikuwa imezibwa pale.

Jeti ni ya shaba laini, usiichokonoe kwa waya wa chuma. Ukilipanua tundu, umeharibu kipimo. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, nikapitisha uzi mmoja wa waya wa umeme, kisha nikaenda kwa kijana wa kuziba pancha anipulizie upepo kwenye kila njia. Vipande vyote vya mpira nilivitoa kwanza, maana ile dawa huvivimbisha.

Tangi nililimwaga, nikalijaza siki, nikaweka kipande cha mnyororo ndani na kutikisa mara kwa mara kwa siku mbili. Nikasuuza mpaka maji yakatoka safi, nikalikausha, nikaongeza chujio dogo kwenye mpira wa mafuta. Ile petroli ya zamani niliiweka kwenye dumu na kuandika kubwa SI MAFUTA YA TAA. Nyumbani kwetu bado kuna koroboi, sikutaka mtu ajikosee.

Tapeti, yaani nafasi ya valvu, nikaziseti milimita 0.08 injini imepoa, nikaweka plagi mpya, nikatoka. Kilomita nne za raha. Kisha ikalegea tena, ikazima. Nikasubiri dakika tano, ikawaka, ikaenda, ikazima tena.

Niseme kweli, nilikaribia kurudi kwa yule fundi. Lakini namna ile ya kupumzika kisha kupona haikufanana na uchafu kwenye jeti. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikauelekeza kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nikafungua koki. Mafuta yalitiririka vizuri, yakapungua, yakabaki matone. Nikazungusha mfuniko wa tangi: fyuuu, hewa ikaingia kwa kishindo, na mafuta yakashuka kwa nguvu. Katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kalikuwa kamezibwa na kutu na vumbi. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi linajinyonga lenyewe. Dakika kumi za sindano ya kushonea na mafuta ya taa, nikapuliza kwa mdomo nikasikia hewa inapita.

Jumamosi iliyofuata nilimpakia Mzee nyuma, tukashuka Mombo kunywa chai, tukageuza. Kwenye ile kona ya tatu nilikuwa gia ya tatu, mafuta nimevuta nusu kwa kumwonea huruma. Akanigonga bega.

"Weka ya nne, mwanangu. Inaomba."