Mzimu wa Caesar sebuleni

Mwezi uliopita familia moja iliyokuwa ikihama Isamilo, hapa Mwanza, iliuza vyombo vyake, na mimi, niliyekwenda kutafuta kabati la vitabu, nikarudi na picha ya kale yenye fremu nyeusi na kioo kilichopasuka. Inamwonyesha Brutus hemani, usiku, akitokewa na mzimu wa Julius Caesar, ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumuua. Tukio hilo la Shakespeare nililisoma zamani katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, kwa hiyo nilimtambua mara moja huyo mgeni aliyekuja kuahidi kwamba wataonana Philippi, kwenye uwanja wa vita.

Maandishi ya chini ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa. Yanamtaja Richard Westall, aliyeichora picha kwa rangi, na Edward Scriven, aliyeichonga kwenye bamba la shaba mwaka 1802. Mchapishaji ni Boydell wa London, ambaye mwaka 1789 alifungua ukumbi wa picha za Shakespeare katika mtaa wa Pall Mall, akitegemea kurudisha gharama zake kwa kuuza chapa za namna hii hadi ng'ambo. Vita na Ufaransa vikaliziba soko hilo. Mzee akalazimika kuiweka mali yote kwenye bahati nasibu, akafariki Desemba 1804, wiki chache kabla ya kura kuchezeshwa.

Nilipoipeleka kwa fundi wa fremu mjini, alipong'oa misumari tulikuta kadibodi la nyuma limegeuka kahawia na kuipaka karatasi madoa kama ya ndizi iliyoiva sana. Unyevu wa huku ziwani hausamehe karatasi. Fundi akachukua rula na wembe.

"Kaka, hapa pembeni hamna kitu. Nipunguze kidogo iingie kwenye fremu hii mpya."

Nilimdaka mkono, nikamwomba apitishe kidole ukingoni. Karatasi imebonyea kuizunguka picha yote, mahali bamba lilipokandamizwa na mtambo, na kuikata hapo ni kuifuta alama hiyo pamoja na majina ya waliofanya kazi. Kisha nikampa lenzi. Alitarajia mistari, akakuta nukta: zimesongamana penye kivuli cha shavu la Brutus, zimetawanyika penye paji la uso. Akaniambia kwamba hata mabango ya mjini yana nukta. Ni kweli, lakini zile hupangwa na mashine kwa safu zilizonyooka, na hizi, zilizotobolewa kwa mkono kwenye bamba, hazilingani.

"Aliyezitoboa hakuwa na haraka," akasema, akaurudisha wembe mezani.

Alitengeneza fremu kubwa zaidi, akaweka vipande vyembamba ili kioo kisiigandamize karatasi. Nimeitundika mbali na dirisha linalotazama ziwa, kwenye ukuta ulio mkabala na mlango, na mke wangu analalamika kwamba wageni wanapokewa na mzimu kabla ya kukaribishwa chai.