Siku moyo wa Mama ulipoonekana ukiwa kazini

Jana usiku mdogo wangu, yule wa Syokimau, alituma picha kwenye kundi la familia: mtoto aliye tumboni, kijivu juu ya kijivu, pua unaiona ukiitafuta. Mashangazi wakamimina baraka. Kisha Mama akatuma ujumbe wa sauti: "Hiyo mashine naijua. Mimi walinipaka ile jeli yao baridi nikiwa bado nahema." Wengine wakaweka vicheko. Mimi niliusikiliza tena na tena, usingizi ukaniruka.

Mnamjua Mama wa Marikiti, lile soko la mboga la Nairobi, anayetoka Umoja kukiwa bado giza ili awahi malori ya kabeji na viazi kutoka Kinangop. Mwaka ule alipopakwa jeli hiyo, alianza kusimama kwenye ngazi. Akifika orofa ya pili anaweka kiondo chini, anaingiza mkono ndani na kuanza kutafuta ufunguo, na nyumba yetu iko orofa ya nne. Akiupata, anaendelea. Kifua hakikumuuma. Alilalamikia taya, uchovu katikati ya mabega, na pumzi iliyokuwa ikimwishia njiani. Kliniki ya mtaani ikampa dawa za asidi, zikaisha, akapewa nyingine. Akapimwa umeme wa moyo akiwa amelala kitandani, hakuna kitu. Akapigwa eko ya kawaida, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kama ile ya mtoto tumboni, bado amelala, moyo ukapiga vizuri tu. Nilikuwa nimeanza kusikia watu wakisema ni umri, naye alikuwa na miaka 64 pekee.

Daktari wa moyo tuliyefikishwa kwake ndiye aliyesema neno lililobadilisha mambo. Alimwangalia Mama mikono, akamuuliza anafanya kazi gani, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, huu moyo wameuona ukiwa umepumzika. Mimi nataka niuone ukiwa kazini."

Maandalizi nayapita haraka. Asile kwa saa kadhaa. Kidonge kimoja cha presha akisimamishe kabla ya siku hiyo, kwa maagizo ya daktari huyohuyo, kwa sababu huzuia mapigo yasipande. Avae viatu vya kutembelea. Mama akaja na raba zake za sokoni, zimesuguliwa mpaka zikang'aa. Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja mwenye magoti mabovu ambaye asingeweza kutembea. Yeye alikuwa apewe dobutamini, dawa inayoharakisha moyo, kupitia mshipa wa mkono, kiwango kikiongezwa kila baada ya dakika 3, moyo ufanyishwe kazi mwili ukiwa umelala. Mama alimwonea huruma. Alisema afadhali yeye aende na miguu yake.

Waliniruhusu kusimama pembeni ya pazia. Kwanza akalazwa kwa ubavu wa kushoto, wakampaka jeli, wakachukua picha za moyo uliotulia. Halafu akapandishwa kwenye tredmili, ile mashine ya mkanda wa kutembelea, nyaya zimebandikwa kifuani, kitambaa cha presha mkononi, leso yake kiunoni kwa sababu alikataa kuiacha. Mpango waliotumia ulitungwa na daktari wa Marekani, Robert Bruce wa Seattle: mkanda unaanza taratibu, kilomita 2.7 kwa saa, lakini tayari umeinuka, na kila dakika 3 unaongezewa mwendo na mwinuko. Walitaka mapigo yafike 133 kwa dakika. Hesabu yenyewe ni rahisi: unatoa umri kwenye 220, kisha unachukua asilimia 85 ya kinachobaki.

Hatua ya kwanza Mama aliipita akizungumza. Hatua ya pili akanyamaza. Ya tatu ilipoanza nilimwona akiinamisha kichwa na kukaza shingo, na nikamtambua: hivyo ndivyo anavyotembea akiwa na gunia mgongoni, kutoka kwenye lori hadi kibandani. Sikuwa nimewahi kuiona sura ile ndani ya chumba chenye taa nyeupe. Muuguzi kijana aliendelea kumuuliza, "Shosho, kifua kinauma? Kizunguzungu?" Mama anatikisa kichwa. Jasho linamshuka kwenye nyusi, hajifuti. Mkono wake ulitoka kwenye chuma ukashika taya, ukarudi.

"Imefika. Simamisha."

Hapo kila mtu akakimbia isipokuwa mimi. Mkanda ulikuwa haujatulia vizuri wakamshika makwapa, hatua mbili mpaka kitandani, ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, jeli tena. Hawakuwa na zaidi ya dakika moja au moja na nusu. Nilielewa baadaye: moyo ukipumzika, kasoro inaweza kujificha tena, na safari yote ile ya mlima ikawa bure. Mtaalamu wa picha alikandamiza kifaa chini ya titi lake na kusema kwa sauti ya chini, haraka, "Toa pumzi yote, Mama. Shikilia hapo hapo." Hebu fikiria kumwambia mtu aliyetoka kupanda mlima asivute pumzi. Mama alishikilia. Macho yalimtoka, midomo ikabana, mbavu zikatulia kabisa huku mwili mzima ukidai hewa. "Vuta. Tena, toa. Shikilia." Mara ya tatu nilijikuta na mimi nimeishikilia yangu. Kwenye kioo cha mashine, chumba cha chini cha kushoto cha moyo kilikuwa kinafunguka na kufumba kwa kasi ambayo jicho langu halikuweza kuifuata.

Daktari alituita baada ya Mama kunywa maji. Alizipanga picha pembeni kwa pembeni, za kupumzika kushoto, za baada ya kutembea kulia, zikipiga pamoja. Alieleza kwamba wanaugawa ukuta wa chumba kile kwenye vipande 17 na kuvikagua kimoja kimoja. Moyo wenye afya ukifanya kazi, kila kipande hukaza zaidi na chumba kinakuwa kidogo. Wa Mama ulikaza kama ngumi inayokunjwa huku kidole kimoja kikibaki nyuma: sehemu ya ukuta wa mbele na nchani haikuja na wenzake. Kwenye picha ya kupumzika, sehemu ileile ilikuwa haina neno.

"Na kifua hakikumuuma," nilisema.

Akasema damu inapopungua, ukuta ndio hulegea kwanza. Mchoro wa umeme hubadilika baadaye, na maumivu huwa ya mwisho kufika. Kuna watu hayafiki kabisa, au hufika kama taya, mgongo, uchovu, na wanawake wengi wako humo. Mama alikuwa ameketi akijifuta jeli kwa leso. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo haikuwa asidi?"

Yaliyofuata yalienda upesi. Tulichanga, akafanyiwa anjiogramu, picha ya mishipa ya moyo, kupitia kifundo cha mkono, mshipa unaoshuka mbele ya moyo ukakutwa umebana, akawekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuweka wazi. Dawa anakunywa. Ngazi anapanda, na ufunguo anao mkononi tangu chini.

Baadaye nilisoma kwamba eko ilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoazima kwenye kiwanda cha meli cha Malmö kifaa cha kukagulia kasoro ndani ya chuma. Mambo hayo nayapenda. Lakini kinachonisumbua si mashine. Ni kwamba sisi watoto wake tunakutana naye Jumapili, ameketi, amevaa vizuri, anacheka. Wanaomwona akiwa kazini ni wabeba mizigo na majirani wa kibanda. Huenda walijua kitu kabla yetu. Sijawahi kuwauliza.

Kaka yangu anataka kibanda kipewe mtu mwingine, na hoja yake ina uzito. Mama naye ana hoja: daktari alimwambia atembee, hakumwambia aketi, na magunia sasa anabebewa. Nimepewa mimi kazi ya kuzungumza naye. Mwezi huu nilienda Marikiti alfajiri kwa ajili hiyo, nikamkuta amesimama kati ya marobota akibishana bei na dereva wa Kinangop. Nilisimama kumtazama kwa muda mrefu, kisha nikanunua kabeji mbili na kurudi nyumbani. Kaka anasubiri jibu mpaka leo.