Dawa niliyoisaga mbichi

Kitambaa cha jikoni cha yule mama hakikutakata mpaka naondoka Ujerumani. Kilifuliwa, kikaanikwa, kikarudishwa kwenye droo na doa lake la zambarau lenye ukubwa wa kiganja. Kila nilipokitoa kufutia vyombo nilikiona tena kijiko kidogo cha plastiki, cha kijani, kimelala mezani kikimsubiri mtoto.

Ilikuwa Septemba 2014. Nilikuwa na miaka 21, yaya wa familia moja katika kijiji nje ya Kiel, kaskazini kabisa ya nchi. Watoto walikuwa wawili: binti wa miaka mitano, na mdogo wake wa kiume, ndiyo kwanza ametimiza miezi minane. Baridi ya kwanza ilitukumba sote. Mimi nilikohoa usiku mpaka mbavu zikauma, na yule mdogo pua zilimziba, akawa na kile kikohozi kikavu kinachokufanya usimame mlangoni usikilize kama kitarudi.

Kule mashamba yamegawanywa kwa matuta ya udongo yaliyopandwa vichaka, wenyewe huyaita Knick, na humo ndimo unamoota mti wa Holunder. Matunda yake watu wa kaskazini huyaita Fliederbeeren. Ni vitunda vyeusi kama punje za pilipili manga zilizojaa maji, viko kwa vishada, na ukivitumbua vidole hubaki na rangi hadi kesho yake. Jirani yetu, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye watoto walimwita Oma nami nikamwita hivyo hivyo, alinionyesha mti wake ulioegemea banda la kuni. Alisema zamani wazee walivua kofia wakipita mbele ya mti huo, kwa heshima ya Frau Holle, bibi wa hadithi zao za kale, waliyeamini anakaa ndani yake. Akaniambia hii ndiyo dawa yao ya mafua. Mimi nikalishika hilo moja tu. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi mitano, na aliyoyaongeza baada ya hapo yalinipita.

Asali ninayo, nikawaza. Nilikuwa na nusu lita ya asali ya Tabora niliyonunua Kariakoo kabla ya safari, nyeusi, bado ina harufu ya moshi wa warinaji. Asubuhi moja mama wa watoto yuko kazini na binti yuko shule ya chekechea, nikachuma bakuli zima. Nikaosha, nikatia kwenye blenda vile vile, vikonyo na vile vitunda vya kijani ambavyo havijaiva humo humo. Sikupika, tena kwa makusudi, maana niliwahi kusikia kwamba moto unaua vitamini. Nikakamua kwa kile kitambaa, nikapata glasi moja na kidogo, nikakorogea asali vijiko vitatu. Kisha nikatoa kijiko cha mtoto nikakiweka kando ya glasi.

Kilichomwokoa ni mazoea niliyolelewa nayo: dawa ya mtoto huonja mkubwa kwanza. Nikanywa glasi nzima. Ilikuwa tamu mbele, chungu nyuma.

Haikufika nusu saa mdomo ukajaa maji, tumbo likajisokota, na sikuwahi kufika chooni. Nilitapika kwenye sinki, zambarau tupu, nikashika ukingo kwa mikono miwili huku mtoto akilia kwenye kiti chake nyuma yangu. Nilipopata pumzi nikampigia mama yake. Hakuniuliza nimekunywa nini. Aliuliza, "Mtoto amekunywa?" Nikasema hapana. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na sauti ile ninayo masikioni hadi leo. Baada ya hapo ndipo alipopiga simu kituo cha sumu, na akamwomba Oma aje akae nami.

Oma alikuja na fimbo yake. Alichungulia ndani ya blenda, akaingiza vidole viwili, akachomoa kikonyo na kukiinua mbele ya macho yangu. "Hiki, mwanangu," alisema polepole ili nielewe, "hiki hakiliwi. Na mabichi hayaliwi. Yanapikwa."

Nilikaa sakafuni nikalia, na si kwa sababu ya tumbo. Mimi ni mtoto wa Newala. Nimekua nikila ugali wa muhogo mchungu, na nimemwona bibi yangu akimenya, akianika makopa juani siku baada ya siku, akivunja kipande, akikigusisha ncha ya ulimi, akitema, akirudisha juani. Kwenye uwanda wetu maji ni ya shida, kwa hiyo kulowekea muhogo si jambo la kila nyumba, na jua ndilo tegemeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya muhogo, ilipita katika vijiji vya Mtwara, ikawaacha watu na miguu iliyokakamaa, kwa sababu mwaka wa njaa watu hawangoji muhogo uishe sumu. Nilijua haya yote. Usiku ule nilisoma kwamba majani, vikonyo, mbegu na matunda mabichi ya mti ule yana kitu kiitwacho sambunigrini, na ukikisaga hutoa sianidi. Ni sumu ya ukoo mmoja na ile ya muhogo wa bibi. Nilisoma pia kuhusu watu wa California waliokunywa juisi ya mti wa jamii hiyo mwaka 1983, iliyokamuliwa mbichi pamoja na majani na matawi: 11 waliugua, wanane wakabebwa kwa helikopta. Wote walipona.

Jumamosi iliyofuata Oma aliniita jikoni kwake. Kwanza tulikwenda kwenye mti, akanionyesha shina la mbao na vishada vilivyoinamia chini kwa uzito. Kuna nduguye mfupi, alisema, laini kama jani, vishada vyake vimesimama kutazama juu, na huo usiuguse kabisa. Tukapukuchua vitunda kwa uma, kishada kwa kishada, tukivitoa vya kijani kimoja kimoja. Ilichukua muda mrefu kuliko upishi wenyewe. Kisha sufuria ikachemka dakika 20 bila kifuniko, dirisha wazi. Tukachuja, tukaacha ipoe hadi kidole kivumilie, ndipo asali ikaingia. Chupa zilichemshwa, zikawekwa kwenye friji. Asali peke yake haiharibiki, lakini ukiizimua kwa juisi huchacha, na chupa iliyosahauliwa hupasuka.

Nikauliza kama sasa mtoto anaweza kupata kidogo. Mama yake ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole, akanishika mkono. Asali hapana, hadi atimize mwaka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza, ambazo tumbo la mkubwa huzishinda na la kichanga haliziwezi, na kuchemsha jikoni hakuziui. Kwetu kichanga hulambishwa asali kama baraka. Nilinyamaza, nikakiosha kile kijiko, nikakirudisha kabatini.

Niliporudi Newala nilibeba chupa moja kati ya nguo. Bibi aliifungua, akanusa, akatazama ile rangi kwenye mwanga.

"Mbichi ina sumu?"

"Inayo, Bibi. Kama muhogo."

"Ilichemka?"

"Dakika ishirini."

"Nani alizihesabu?"

"Mimi."

Akachukua kijiko.