Namba Kwenye Bawa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Majira ya kuchipua yakifika, wapiga picha wa ndege huelekea kwenye makorongo ya jangwani kaskazini mwa Arizona, Marekani. Wengi husimama kwenye Navajo Bridge, daraja lililo mita 142 hivi juu ya Mto Colorado, wakimngoja kondori wa California. Ni ndege wa jamii ya tumbusi, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 3. Asubuhi hutulia mwambani mpaka jua lipashe hewa joto, kisha hujiachia, na hewa ile inayopanda humbeba bila yeye kupiga bawa. Pengine hupita chini ya daraja, mgongo wake wote ukaonekana. Picha ya namna hiyo ni adimu.

Ila kwenye bawa kuna kibandiko kikubwa chenye namba, na wapo wanaotamani kukifuta pichani, kwa kuona kinaharibu uzuri wa porini.

Mimi naomba kiachwe. Mwaka 1982 ndege hawa walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa, wakalelewa wote chini ya uangalizi wa watu ili kizazi kisikatike. Haikuwa kazi ya haraka, maana jike hutaga yai moja tu, na mara nyingi hukaa miaka miwili kabla ya kutaga jingine. Mwaka 1996 wakaanza kuachiliwa Vermilion Cliffs, si mbali na daraja hilo. Leo wamepita 500, wa porini na wanaofugwa.

Hata hivyo hatari haijaisha. Kondori akila mzoga wa mnyama aliyepigwa bunduki, vipande vidogo vya madini ya risasi humtia sumu. Kwa hiyo hukamatwa tena na tena, hupimwa damu, hutibiwa, huachiliwa. Namba ile ndiyo inayowawezesha walezi wake kumfuatilia. Na katika majira haya haya mwaka 2023, mafua ya ndege yaliua 21 katika kundi la Arizona na Utah.

Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini Baba asipojua, na kwamba nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote (Mathayo 10:29–30). Tulisome neno hili polepole. Halikuahidi kwamba shomoro hataanguka. Wapo wapendwa wetu tuliowaombea wapone na hawakupona, na neno hili ni lao pia: Baba alijua, na hesabu yake haikuwapoteza.

Tena, yule mchungaji wa Luka 15 alijuaje kwamba mmoja hayupo? Kwa mpita njia, kondoo 99 nyikani ni kundi zima. Mwenye kuhesabu ndiye aliyeona pengo. Sisi mara nyingi tunahesabu waliofika ibadani, tunaandika jumla, basi. Jina la asiyefika halitajwi, na hilo linanihuzunisha sana.

Wiki hii tuombe hivi: Baba, unawajua waliokosekana kati yetu tangu Pasaka. Tukumbushe majina yao, na miguu yetu iende kwao kabla ya Jumapili. Amina.