Mwanangu hakua anadeka

Karibu mwaka mzima nyumbani kwetu huku Makorora, Tanga, saa ya kula ilikua vita. Binti yangu wakati ule alikua anakaribia miaka minne, unamwekea uji anageuza uso, unampa chapati anaichanachana anavipanga vipande pembeni ya sahani halafu basi, ukisogeza kijiko anafumba mdomo meno kwa meno. Bibi yake anasema huyu anadeka, jirani anasema minyoo, na mimi nikawa nambana kichwa kwapani namnywesha kwa nguvu kama tulivyonyweshwa sisi utotoni, akimaliza anautapika wote kwenye kanga yangu. Ile sauti yake ya kukoroma uji ukiwa kooni bado inaniuma sana.

Na mwili ulikua unasema kila kitu, macho yetu tu ndo hayakuona. Tumbo limejaa kama ngoma, mapaja yamekonda mpaka ngozi ya makalio imelegea, choo kingi cha rangi ya kupauka kinang'aa mafuta. Kituo kimoja tulipewa dawa ya minyoo mara tatu na dawa ya kuongeza damu, damu haipandi. Mimi huku nahangaika na uji wa lishe, mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano, tena ngano nazidisha makusudi kwa sababu niliambiwa inanenepesha!

Daktari wa watoto aliyekuja kutusaidia ndo wa kwanza kuniuliza "mama, anakula nini cha ngano?" Akataka kipimo cha damu kinaitwa tTG, damu ikapelekwa Dar, baadae kamera ya kupitishwa mdomoni wakachukua vipande vidogo vya utumbo. Akanisisitiza nisiache kumpa ngano mpaka vipimo viishe, maana ukiiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Jibu likaja: siliaki. Yaani kinga ya mwili ikikutana na gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano), inaugeukia utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo ukiwa mzima una manyoya madogo madogo kama busati, ndo yanafyonza chakula, kwa mtoto mwenye siliaki yanalala chini yanakua kama busati lililochakaa.

Sasa kilichonishika mimi ni hili la hamu ya kula. Nilidhani hamu ni tabia ya mtoto, kumbe ni mazungumzo ya homoni. Kuna ghrelini, waliigundua Wajapani mwaka 1999, inatoka zaidi tumboni na kazi yake kuuambia ubongo njaa inauma. Kuna leptini inatoka kwenye mafuta ya mwili, inasema akiba ipo tulia. Kwa watoto wenye siliaki ambayo haijatibiwa tafiti kadhaa zimekuta ghrelini iko juu na leptini iko chini, na hapo nikashangaa, kama mwili unapiga kelele ya njaa mbona mwanangu hali?

Daktari akanieleza taratibu. Utumbo ukiwaka ndani, seli za kinga zinamwaga kemikali zinaitwa saitokini, na hizo zikifika kwenye ubongo zinaua hamu ya kula, ni zile zile zinazofanya mtu mwenye homa kali akatae hata wali wa nazi. Halafu mafuta ambayo hayakufyonzwa juu yanateremka mpaka mwisho wa utumbo, kule kuna homoni nyingine, PYY, yenyewe ikiona mafuta inatangaza shibe na kuchelewesha tumbo kumwaga chakula. Kwa hiyo mtoto ana njaa ya kweli, na papo hapo anahisi kichefuchefu na shibe ambayo sio shibe. Na mimi niko juu yake na kijiko. Nililia pale pale mbele ya daktari, siogopi kusema.

Tuliacha ngano kabisa. Wiki ya tatu hivi, jioni niko jikoni nakuna nazi, nikaona mkono mdogo umeingia kwenye mbuzi unaokota machicha unatia mdomoni, anatafuna, anarudi tena. Sikumsemesha, niliogopa ataacha.

Bahati yetu watu wa pwani tuna vyakula vyetu, mkate wa kumimina, muhogo wa nazi, ugali na dagaa, vitumbua vya mchele mtupu (ulizeni, kuna wanaotia ngano). Bajia za kunde hazina shida ila kama zimekaangwa kwenye mafuta yale yale ya maandazi na sambusa simpi, chembe ndogo tu inatosha kuuwasha utumbo upya. Bibi yake sasa ndo mkali kuliko mimi, hata kaimati za Ramadhani anamtengenezea za unga wa mchele.

Kinachonisumbua bado ni mashine za kusaga. Unapeleka mahindi yako safi, kumbe aliyekutangulia kasaga ngano na unga umebaki ndani. Nimekua nadamka niwe wa kwanza asubuhi na namlipa kijana asage kilo moja ya mwanzo tuitupe kwa kuku. Kama kuna mtu hapa Tanga mjini anajua mashine isiyosaga ngano kabisa, Mgandini au Ngamiani au popote, naomba aniandikie hapo chini.