Laptop ya kazini inasita ukibadili dirisha?

Wadau wa maofisini hapa Dar, Alt+Tab (vitufe vya kubadili dirisha) ikichelewa msikimbilie kupiga Windows upya. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ingia Performance. Memory ikizidi asilimia 90 na Disk ikigota 100, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imejaa: Windows inahamishia data kwenye diski, na kila dirisha unalolirudia linasomwa upya kutoka huko. Kwenye HDD, yaani diski ya zamani inayozunguka, utasubiri sana. RAM ya GB 4 haitoshi Chrome, Excel na Teams kwa pamoja. Kabla ya kwenda Kariakoo kununua RAM ya kuongeza, angalia aina inayoingia kwenye laptop yako. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na laptop nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao kabisa. Bajeti ikibana, ningeanza na SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Na feni isafishwe vumbi, kwa joto hili prosesa hujipunguzia kasi.